Rubani Aliyeiona Kanga

Juzi mchana nilikuwa Lushoto mjini, dukani, nasubiri kutoa kopi. Mama mmoja mkulima wa karoti, aliyeshuka asubuhi kutoka Shume, akampa mwenye duka simu yake.

"Mwanangu, wewe umesoma. Huyu ni rubani wa jeshi kweli?"

Rubani yumo kwenye kundi lao la mtandaoni la wakulima wa mboga. Picha yake ina ovaroli na miwani nyeusi, na akiandika lolote wenzake humjibu "Shikamoo kamanda." Sasa ameanza kumwandikia huyu mama faraghani.

Mwenye duka akasoma kwa sauti: "Leo saa mbili asubuhi nimepita na ndege juu ya kwako. Nimeiona kanga yako nyekundu kwenye kamba."

Mzee aliyekuwa nyuma yangu, naye wa Shume, akacheka mpaka akashika kaunta. "Saa mbili ya leo, Shume? Kwa ukungu ule? Mimi nilikuwa namvuta ng'ombe wangu kwa kamba na simwoni!"

Tukacheka sote. Nikajisemea, huku milimani hatuna haja ya kujua vyeo vya jeshi. Ukungu unatutosha kumkamata mwongo.

Mama hakucheka. Aliichukua simu, akaifunika kwa viganja viwili.

"Kanga ni nyekundu kweli," alisema taratibu. "Na kwa sababu ya ukungu niliianika uani, chini ya paa."

Duka zima tulikuwa tumeshughulika kupima kama mtu huyu anaruka. Hakuna aliyekuwa ameuliza anasimama wapi.