Njumu za Adinani

Waliomwona Adinani Mbaruku akicheza peku kwenye uwanja wa Nkowe, mpaka miaka ya hamsini inakaribia kwisha, hawakuchoka kuuliza njumu zake zilikwenda wapi. Senta fowadi wa kijijini aliyewahi kumiliki viatu vya mpira vya Uzunguni, vya ngozi hasa, leo anacheza vidole nje! Wengine walisema aliviuza, wengine kwamba vililiwa na panya. Mwenyewe alicheka tu, akaufuata mpira.

Alitoka Nkowe mwaka 1948, kijana wa miaka ishirini, akaenda Nachingwea kwenye mradi wa Waingereza wa kulima karanga. Wazungu walikuwa wanang'oa msitu mzima kwa matingatinga, na kazi ya Adinani ilikuwa kuyapaka grisi. Asubuhi vumbi jekundu lilipanda likakataa kushuka, na watu wakatembea ndani yake taratibu, wenzao wakiwaona nusu nusu, kama watu wa ndotoni. Jioni walicheza mpira kwenye shamba lililofyekwa. Karanga zenyewe, tuseme ukweli, hazikustawi hata robo ya ule mpira.

Mkubwa wa gereji alikuwa Mskoti mwenye goti bovu, Bwana Doni. Kabla ya vita alikuwa senta fowadi kwao Uskoti. Jioni moja alimtazama Adinani akihangaika uwanja mzima, akamwita pembeni.

"Wewe kimbia kama kuku," alimwambia kwa Kiswahili chake cha gereji. "Senta fowadi hapana fukuza mpira. Simama. Ngoja. Mpira iko na njia yake."

Adinani akajifunza kungoja, na kumbe kungoja ndiko kulikokuwa kipaji chake. Alisimama katikati ya kelele kama amesinzia, beki wakamsahau, kisha mpira ukaja na wavu wa kamba za katani ukatikisika. Msimu mmoja alifunga mabao thelathini na moja.

Malipo aliyoyapenda ni hadithi. Kila siku alimwomba Bwana Doni amsimulie ile mechi ya ukungu, ukungu mzito hata golikipa haoni mlingoti wake, na mabao matatu aliyofunga. La tatu Bwana Doni hakuliona likiingia, alisikia tu watu wakipiga kelele. Hapo alifuta mikono kwa tambara, akarudi kazini. Adinani alilala chini ya tingatinga, grisi ikimdondokea kifuani, akauona ukungu ule ambao hajawahi kuuona, naye yumo ndani yake, anangoja.

Mwaka uliofuata Bwana Doni akampa njumu zake. Zilikuwa kubwa, Adinani akazijaza matambara kwenye ncha.

Golikipa wa kambi ya wafanyakazi alikuwa Protasi, Mngoni wa Songea, kwa hiyo mtani wa Adinani, ambaye ni Mmwera. Wangoni na Wamwera babu zao walipigana, wajukuu wakabakiwa na kutaniana na kuzikana. Mtani atakutukana mbele ya mkweo nawe utacheka. Ukifa, yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi na kukuigiza msibani mpaka wanaolia wacheke.

"Mmwera na kwato za ng'ombe!" Protasi alimkejeli. "Siku nikidaka penalti yako, hizo njumu ni zangu."

"Utadaka siku unayozikwa, mtani."

Kila Jumamosi walipigiana penalti. Protasi hakudaka hata moja.

Julai 1950 zikaja habari kwamba timu ya Jimbo la Kusini inachaguliwa Lindi, Jumapili. Bwana Doni alimwombea Adinani nafasi, akapata na lori. Adinani hakuwahi kutaka kitu namna ile, hata mke. Alizipaka njumu mafuta mpaka zikang'aa. Ijumaa Protasi akashikwa na homa. Jumamosi jioni akafa, na ndugu zake wote wako Songea.

Jumapili asubuhi lori lilikuwa linanguruma mbele ya gereji, Bwana Doni kwenye usukani. Adinani alikuja na njumu miguuni na jembe begani.

"Bwana Doni, siendi. Mtani wangu hana mtu."

"Watu wengi iko kambini! Wao chimba!"

"Watachimba. Lakini nani atamchekesha?"

Bwana Doni alipiga usukani kwa ngumi. Kisha akazima injini.

"Ile siku ya ukungu," alisema, "ndugu yangu alikuwa nazikwa. Mimi kwenda mpira."

 Hadithi ile Adinani hakuiomba tena maisha yake yote.

Walimzika Protasi saa nne. Katekista alipomaliza sala, Adinani Mwislamu alijitokeza amevaa kofia ya golikipa, akainama, akatanua mikono, akajirusha kwenye vumbi na kukosa mpira usiokuwepo, akaamka akimlaumu refa. Ndivyo alivyokuwa Protasi hasa. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, Bwana Doni naye katikati yao.

Kisha akaomba mpira. Akauweka hatua kumi na mbili kutoka kaburini. Akasimama, akangoja, kama alivyofundishwa. Vumbi lilikuwa limetanda, na kwa kitambo kile aliona ni ukungu, na mtu yumo ndani yake ametanua mikono. Akaupiga taratibu. Mpira ukabingirika, ukagonga udongo mbichi wa kaburi, ukatulia.

"Umedaka, mtani," alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi.

Akaketi chini, akafungua kamba, akazipanga njumu mbili chini ya msalaba. Akarudi kambini peku.