Rangi ya Majani Makavu

Mama alimshika kifaranga kwa mkono wa kushoto, kichwa kikitokeza kati ya vidole, na kwa mkono wa kulia akampaka mgongo kwa pamba iliyoloweshwa dawa ya vidonda, ile ya zambarau ambayo kwetu tunaiita violé. Alipomaliza alimpulizia kidogo akauke, kisha akamwachia na kumchukua mwingine. Mwewe, alisema, akiona kitu cha namna ile atapita tu, kwa sababu hajui kama kinaliwa.

Mama jirani alichungulia juu ya ua wa matete.

"Mama, kuku zako zinavaa zambarau ya kwaresima mpaka leo? Pasaka ilishapita!"

"Zinafunga juu ya zambi zako," Mama akamjibu bila kuinua kichwa. "Weye ulishindwa kufunga, njo zinakusaidia."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, uso ukiniwaka moto. Nilitamani kila kitu chetu kiwe sawasawa na cha watu wengine pale mjini Bunia: sufuria, nguo, hata kuku. Hakuna mwingine katika kartie, yaani mtaa wetu, aliyekuwa na kuku wa zambarau.

Tulitoka milimani, upande wa Kpandroma. Siku tuliyokimbia vita, wengine walibeba magodoro na sufuria. Mama alibeba kuku mmoja jike ndani ya kikapu, amemfunika kwa kikwembe, kitenge chake. Nyumbani kwetu msichana akianza kujenga nyumba yake, mama yake humpa kuku kutoka ukoo wa kuku wake mwenyewe. Bibi alimpa Mama, na Mama alipaswa kunipa mimi. Bibi alibaki kule, miguu haikumruhusu, na waliomzika si sisi. Kwa hiyo kuku yule ndiye tuliyebaki naye. Alikuwa kahawia mwenye madoa meusi na ya manjano, rangi ya majani makavu ya mlimani. Akilala chini kule, ungeweza kumkanyaga bila kumwona.

"Kuku hii itarudi," Mama alizoea kusema. "Hata siye tukikawia, mutoto yake itarudi."

Ilikuwa amani ya kulala na viatu karibu. Watu walisema barabara imefunguka, kesho yake walisema imefungwa. Katika hali hiyo mimi nilipata kitu kimoja nilichoweza kukitawala: ufagio. Siku za kwanza nilisikia mtu kwenye bomba la maji akisema wakimbizi ni wachafu. Tangu siku hiyo nilifagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo mwekundu ukabaki mtupu, umechorwa mistari ya ufagio inayoelekea upande mmoja. Mstari mmoja ukipinda, nilirudia uwanja mzima. Jani likianguka nikiwa nakunywa chai, niliiacha chai.

Shule niliiachia njiani. Niliyoyajua baadaye niliyapata kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi nilikofanya kazi. Mwanafunzi mmoja alituletea masomo yake ya elimu ya viumbe tumchapie. Sikuweza kuchapa nisichokielewa, niliogopa kukosea. Nikawa nasoma kila ukurasa mara nyingi, halafu natafuta mengine kwenye simu mpaka moto wa betri unaisha. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba dinosaria wengi walikuwa na manyoya kabla ndege yeyote hajaruka. Manyoya yaliwapa joto, na huenda wengine waliyatumia kujionyesha kwa wenzao. Kuruka kulikuja nyuma. Katika mawe mengine chembe ndogo za rangi zimebaki, ndiyo maana wataalamu wanaweza kusema huyu alikuwa mweusi, huyu alikuwa na mkia wa mistari myekundu. Na ndege wa leo, hata kuku, ni wa ukoo ule.

Nilimweleza Mama tukipukuchua mahindi.

"Hii kuku?" Akamtazama yule jike aliyekuwa akijikuna sikio kwa kidole cha mguu. "Ya ukoo wa wale wakubwa wa kupasua nyumba?"

"Njo hivyo, Mama."

"Na wale wakubwa walienda wapi?"

"Walikufa. Ni hii midogo njo ilibakia."

Akafikiri kidogo, punje zikidondoka kwenye sinia. "Basi ilikuwa na mama mwenye akili," akasema. "Ilibebwa mu kikapu."

Nilicheka, lakini ukurasa uliofuata ulininyima raha. Ulieleza kwamba hakuna mtu anayekaa na kuchagua rangi ya mnyama. Wanazaliwa wa rangi mbalimbali. Anayefanana na mahali pake haonekani, anapona, anazaa wanaofanana naye. Anayeonekana analiwa. Macho ya mwindaji ndiyo yanayochagua. Na mahali pakibadilika, rangi iliyokuwa ngao inageuka kuwa alama.

Niliacha kuchapa. Niliona uwanja wetu mwekundu, mtupu, na juu yake vifaranga wa rangi ya majani makavu, wasio na jani hata moja la kulalia. Mwewe alikuwa amewachukua wengi kabla Mama hajaanza kupaka dawa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtandikia mwewe meza kila asubuhi.

Nilirudi nyumbani nikilia, nikamweleza yote kwa haraka. Mama hakushangaa.

"Nilijua," akasema. "Njo maana nilinunua violé."

"Sasa juu ya nini haukunikataza kufagia?"

"Weye ukifagia, moyo yako inatulia. Ningekukataza namna gani?"

Tangu siku hiyo niliacha kona moja ya uwanja bila kufagiwa, majani ya migomba yakaoza pale, na kila nilipoiona mikono yangu iliwasha. Lakini vifaranga hawakuitumia. Walikuwa wamekua wakiwa zambarau, mwewe akiwapita, hawakujifunza kuogopa kivuli chake. Walikula katikati ya uwanja kama wenye nyumba. Wengi wao, kwa sababu ya jogoo wa jirani, walikuwa weupe-weupe. Tetea mmoja tu ndiye aliyeota manyoya ya rangi ile ya kuku wa Bibi.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, watu wa kwetu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mama akasema atatangulia kuona shamba, mimi nibaki na kazi. Alimweka yule tetea ndani ya kikapu kilekile na kupanda nyuma ya pikipiki. Nilitengeneza kikwembe juu ya kikapu, nikakitoa, nikakitengeneza tena, mpaka mwenye pikipiki akaniuliza kama ninafunga zawadi ya harusi.

Mama alirudi mapema kuliko tulivyopanga. Kikapu kilikuwa kitupu. Alikaa kwenye kiti, akanywa maji, ndipo akaniambia. Nyumba haikuwapo. Majani yalikuwa yamefika kifuani, makavu, ya rangi ileile. Alimwachia tetea ndani yake, na kwa kitambo kidogo hakumwona kabisa, akafurahi mpaka akapiga kigelegele peke yake.

"Halafu ikatoka," Mama akasema. "Ikaenda kusimama mu barabara, pale peupe. Ilitafuta uwanja yako. Kivuli kikapita, haikulala chini. Iliangalia tu juu, sawa mutu anangoja mugeni."

Alifungua ncha ya kikwembe chake na kunionyesha unyoya mmoja, kahawia wenye madoa. Niliushika kwenye mwanga. Rangi yake haikuwa na kosa lolote.

Yule jike mzee tuliyekimbia naye alikuwa ameacha kutaga zamani, asingetupa mwingine wa rangi ile. Mama alimtazama alivyokuwa akichokoa majani yaliyooza ya kona yangu, kisha akaniuliza ufagio uko wapi. Nilimletea, nikidhani anataka kufagia mwenyewe. Akanirudishia mkononi.

"Fagia na kule kwenye kona," akasema. "Siye tuko hapa."

Nilifagia. Mistari ilipinda, na sikurudia.