Roboti Katika Sanduku la Mama Mkubwa

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ndevu zangu zina mvi, na Jumapili nasoma somo la kwanza kanisani kwa sauti inayofika benchi la mwisho. Na kwa miaka minne nilikuwa nakusanya roboti. Wa kuchezea, naam: askari wa plastiki wa vita vya huko angani, urefu wa kiganja, mabega mapana, macho mekundu. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningecheka kama habari hii ingekuwa ya mtu mwingine.

Niliwapata sokoni Kampemba, kwa mama mmoja anayefungua balo za mitumba. Nguo zinagombaniwa, vichezeo vinamwagwa pembeni juu ya turubai. Siku ya kwanza nilikuwa natafuta viatu, nikamwona roboti wa bluu asiye na mkono wa kushoto, kifua kimejaa vitufe vidogo. Nikainama kumwokota.

"Papa, ni ya mutoto?" akaniuliza yule mama.

"Njo, ya mutoto," nikakubali.

Sikuwa na mtoto. Mke wangu alikuwa amepoteza mimba mbili, ya pili ikiwa na miezi minne, na nyumbani neno mtoto tulilikwepa kama shimo la barabarani. Sasa niingieje na kichezeo mkononi? Angedhani namkumbusha, au mbaya zaidi, namlaumu. Nikapita nyuma ya nyumba, nikampelekea Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada ya mama yangu. Ndiye aliyenilea katika kambi ya wafanyakazi wa reli baada ya mama kufariki, na mume wake alipokufa nilimchukua akae nasi, katika chumba cha nje kwenye lupango, kiwanja chetu. Alimgeuza yule roboti huku na huku.

"Huyu anakosa mukono," akasema. "Enda utafute waya."

Basi, hakuuliza zaidi. Nikamtengenezea mkono wa waya wa shaba, kama tulivyotengeneza magari ya waya utotoni: unazungusha mara tatu begani, kisha ncha unairudisha ndani ili isichome mtu. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi mchana mke wangu akienda kwenye kikundi chake cha maombi, mimi nilikuwa nimeketi kitandani kwa Mama Mkubwa na koleo yangu, nafunga mikono na miguu. Nilikuwa na raha pale, raha ya mtoto, siwezi kuipa jina lingine. Mama Mkubwa alichana kikwembe chake cha zamani, chekundu, akamviringisha kila mmoja ili rangi isikwaruzike, akawalaza chini ya nguo zake katika sanduku la bati. Walifika kumi na tisa.

Kisha ikaja mvua iliyoshinda paa la chumba kile. Asubuhi yake tulikuwa tunatoa vitu nje, na wanawake wawili wa kikundi cha maombi, kiongozi wao na kijana mmoja, walikuwa wamekuja kutusaidia. Mke wangu na yule kiongozi walibeba sanduku. Kishikio kikang'oka, sanduku likapiga sakafu ya baraza, likafunguka.

Fikiria wewe mwenyewe walichokiona. Watu wadogo waliovikwa kitambaa chekundu. Mikono imefungwa kwa shaba. Wawili hawakuwa na vichwa, maana nilikuwa bado navitafuta.

Yule mwanamke kijana akamwokota mmoja. "Mais ni jouet tu, ya kuchezea."

"Njo bile bachawi banatumikishaka," kiongozi akajibu, akirudi nyuma. "Mu nyumba mwenye haina mutoto, jouet inafanya nini?"

Swali lilikuwa langu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, godoro lililolowa kichwani.

Mke wangu aliongea polepole sana. "Mama, ile bintu ni ya nani?"

Mama Mkubwa akanitazama. Hakukuwa na hasira katika macho yake. Alinisubiri tu, kama alivyonisubiri zamani nilipokuwa na jambo la kuungama. Nami nikalivuta godoro mbele kidogo, likanifunika uso. Sikuogopa kuitwa mchawi, hilo halikunipita hata akilini. Niliogopa wanawake wale watatu wajue kwamba mwalimu wa hesabu anacheza na vichezeo.

"Biko mu sanduku yangu," akasema Mama Mkubwa. "Ni byangu."

Wakaleta mbabula, jiko la makaa, ili vichomwe. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba, kiberiti nikapewa mimi. Niliwasha. Plastiki ilitoa moshi mweusi, wa kunuka, na yule kiongozi akasema moshi wenyewe ni ushahidi wa uchawi. Mke wangu alilia akiwa ameshika tumbo lake.

Siku ya tatu Mama Mkubwa aliondoka kwenda Kasungami, kwa jamaa wa marehemu mume wake wenye shamba la mahindi. Nilimfungia mzigo kwenye pikipiki. Nikamwambia nitakuja wiki ijayo, akaitikia, "Ee, mutoto wangu." Sikwenda. Wiki ikawa mwezi, miezi ikawa mingi. Katikati ya hapo mke wangu akapata mimba, na hii ikakaa. Kila mtu alijua ni kwa sababu gani imekaa. Mimi nilishukuru pamoja nao, kwa sauti ile ile ya benchi la mwisho.

Mimba ilipotimiza miezi mitano ndipo nilipokwenda. Nilimkuta analima peke yake. Alinichomea mahindi, akaniuliza, "Muke yako iko muzuri?"

"Iko na mimba, mama. Miezi tano."

Akatupa gunzi lake, akapiga vigelegele, akacheza pale pale kwenye matuta. Alipokuwa ananisindikiza barabarani, mwanamke wa nyumba ya jirani alituona, akawaita watoto wake ndani mmoja mmoja, akafunga mlango. Mama Mkubwa aliendelea kunieleza habari za mbolea kana kwamba hakuona. Aibu ilinichoma hadi masikio yakawaka.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Weye? Mutu muzima, kucheza na roboti? Unamukinga tu, juu ni yeye alikulea. Kama ni ya kweli, onyesha."

Nionyeshe nini? Nilikuwa nimewachoma kwa mkono wangu mwenyewe.

Kesho yake nilirudi Kampemba. Yule mama wa balo alinifurahia. "Papa, ulipotea! Mutoto anaendelea?" Nikachagua roboti wa kijivu aliyevunjika mkono. Saa sita mchana niliketi mezani, mlango wazi, mke wangu akichambua sombe, majani ya muhogo, mbele yangu. Nikatoa waya na koleo. Nikazungusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikairudisha ncha ndani. Vidole vyangu havikuhitaji macho.

Mke wangu aliacha sombe. Akamchukua roboti, akapitisha kidole gumba begani kwake, akarudia.

"Bilikuwa bimefungwa hivi," akasema. "Byote. Hivi hivi."

"Ndiyo."

"Na mama alijua?"

"Alijua."

Aliweka mkono mmoja juu ya tumbo. "Tena ni weye uliwasha moto."

"Ni mimi."

Akanyanyuka, akanawa mikono, akajifunga kikwembe kingine, akavaa viatu. Alisema tutapita kwanza kwa wanawake wake wa maombi, nyumba kwa nyumba, nami nitawaeleza mwenyewe. Kisha Kasungami, tuanze na mlango wa yule jirani. Nikasema sawa. Nikavaa koti langu la shule, nikamtia roboti mfukoni.

"Hapana," akasema. "Mu mukono."