Mapanki na Komunyo Yangu ya Kwanza

Mfuko wa saruji ukilowekwa kwenye uji wa muhogo hutoa harufu ya chokaa na ghala la zamani, na harufu hiyo ndiyo inayoniambia Krismasi imekaribia, kabla hata padre hajavaa zambarau ya Majilio. Wengine wana harufu ya pilau. Mimi nina karatasi ya saruji. Kila Majilio, yale majuma manne kabla ya Krismasi, sisi watoto wa mafundisho ndio tuliotengeneza mawe ya pango alimolazwa Mtoto Yesu kanisani. Tulichana mifuko, tukaipaka uji, masizi na majivu, kisha tukaifinyafinya mpaka ikafanana na mwamba. Najua mtanicheka, maana haya yalikuwa Mwanza, mji ambao ukitaka kuchimba choo lazima kwanza upatane na jiwe. Tulikalia mawe, tulianika nguo juu ya mawe, na bado tulikwenda kuunda mawe ya karatasi.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa nimeandaliwa kupokea Komunyo ya Kwanza siku ya Krismasi yenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara huria. Kiwanda cha nguo alikofanya kazi baba kilipunguza watu, naye akavuka kwa kivuko hadi Kamanga, akaenda Sengerema kulima kwa bibi, mama yake. Mjini maduka yalijaa vitu tusivyojua majina yake, na kandokando ya ziwa vikaota viwanda vya kukata minofu ya sangara. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Vichwa na mifupa vilibaki kwetu, tukaviita mapanki.

Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Koleta kwa ajili yangu, alikuwa akiamka alfajiri kwenda kununua mapanki kwenye geti la kiwanda. Alirudi na ndoo kichwani, maji ya samaki yakimchuruzika shingoni. Aliyaanika juu ya bamba la mwamba mbele ya nyumba yetu, na jioni aliyakaanga kwenye karai kubwa, watu wakanunua kwa ajili ya ugali. Nisiwafiche: yalinuka. Harufu iliingia kwenye madaftari yangu, kwenye sare za shule, kwenye nywele. Na lile bamba la mwamba lilikuwa kando ya njia iendayo kanisani.

Wasio Wakatoliki niwaeleze kidogo. Sisi husali katika jumuiya, yaani kaya za jirani zinazokutana nyumba kwa nyumba. Majilio yakifika, shada lenye mishumaa minne lilizunguka katika jumuiya yetu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na nyumba iliyolipokea ilijiona imepokea mgeni mkubwa. Tena bila barua ya mwenyekiti wa jumuiya hukubatizwa, hukufunga ndoa, wala mtoto wako hakupokea Komunyo.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Gaudensia. Mumewe alikuwa wakala wa kiwanda, akikusanya sangara kutoka visiwani. Walikuwa na pikapu, friji, na sebule yenye zulia ambalo wageni waliliogopa. Sitaki kumsingizia: alisali sana, na wagonjwa aliwatembelea. Lakini alipenda mambo ya Mungu yawe safi, na usafi ule alitaka kuusimamia yeye.

Jumapili ya kwanza ya Majilio upepo wa ziwa ulivuma kuelekea kanisani, ukaja na harufu yetu, na nyuma ya harufu wakaja nzi. Mmoja alitua kwenye upara wa Mwalimu Tadei, katekista wetu, akiwa katikati ya somo la kukesha. Mwalimu alikuwa mtu wa nidhamu. Alimwacha nzi atembee kutoka paji la uso hadi kisogoni mpaka akasema, "Neno la Bwana." Sisi watoto tuliuma midomo mpaka machozi yakatutoka. Mama Gaudensia hakucheka.

Baada ya misa alisimama mbele ya bamba letu, akina mama wenzake nyuma yake wamejiziba pua kwa ncha za kanga. Akamwambia mama aondoe uozo ule, kwa kuwa ile ilikuwa njia ya watu wa Mungu. Mama aliendelea kugeuza mapanki, moja moja, kama hajasikia. Kisha akainua uso.

"Mama Gaude, uozo huu umetoka kwenye boti la mumeo. Nyie mmeuza nyama, mimi nimeokota mfupa. Samaki ni yule yule. Mbona mumeo akirudi nyumbani huzibi pua?"

Wale akina mama walicheka. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, nami naamini kama wasingecheka, yote yaliyofuata yasingetokea. Tusi lenyewe lingeweza kusahaulika. Lakini kuchekwa na watu wako mwenyewe, uliokuja nao kukuunga mkono, hilo halisahauliki.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na adui, tena adui mwenye rozari mkononi. Wanawake walipofika kwenye bamba letu walikaza mwendo na kutema mate. Watu waliokuwa wakinunua mapanki wakaanza kuwatuma watoto, ili wasionekane. Shuleni niliitwa Panki. Mama naye hakuwa malaika. Alikuwa na eneo jingine nyuma ya nyumba ambako angeweza kuanika, lakini aliongeza mapanki mengine palepale njiani, na Jumamosi alikaanga mapema ili moshi uwahi mazoezi ya kwaya. Nilipomwomba ahamishe, alinijibu kwamba mwenye pua ndiye aihamishe.

Wiki ya tatu shada lilipaswa kuja kwetu. Mama alisugua sakafu kwa jiwe, akaazima viti, akatandika kitambaa cheupe alichokishona wakati wa uchumba wake. Nilisimama mlangoni nikiwa nimevaa gauni la Jumapili. Nikawaona wanakuja, Mama Gaudensia mbele na shada mikononi, nikageuka kumwambia mama wamefika. Nilipotazama tena walikuwa wamekwisha kupita. Waliingia nyumba ya pili kutoka kwetu, na baada ya muda tukasikia wanaimba kwamba Bwana anakuja, tengenezeni njia. Mama alikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vya kuazima mpaka wimbo ukaisha. Kisha akavirudisha vyote kwa wenyewe, viwili viwili.

Siku mbili baadaye Mwalimu Tadei alikuja kwetu, akavua kofia, akakataa chai. Alisema majina ya watoto wa Komunyo yanafungwa Jumamosi, na barua yangu haijafika. Mwenyekiti alitaka kwanza mama aombe radhi mbele ya jumuiya.

"Nimwombe radhi kwa lipi, Mwalimu?" mama akauliza. "Kwa kusema samaki ni yule yule?"

Mwalimu akasema yeye haamui, yeye anapeleka majina tu. Alipoondoka nililia kwa kelele, nikimwambia mama kwamba ananiharibia Komunyo yangu kwa ajili ya mapanki. Mama alinitazama, akasema radhi isiyo ya moyoni ni uongo, na yeye hawezi kusema uongo mbele ya mishumaa ya Majilio.

Sasa nifike kwenye jambo langu mwenyewe, ambalo ningependa kuliruka.

Siku ya Alhamisi tulikutana uani kwa Mama Gaudensia kutengeneza mawe ya pango. Nilikwenda, ingawa sikuwa na hakika kama bado nimo. Wenzangu walisogeza mifuko yao mbali na yangu, nikabaki peke yangu na sufuria ya uji. Mama Gaudensia alipita akitukagua. Alisimama kwangu, akasifia jiwe langu, akanipa soda ya chungwa, baridi, kutoka kwenye friji. Nilikuwa sijawahi kunywa soda nzima peke yangu.

"Koleta mwanangu," akasema kwa upole, "hebu niambie ukweli. Wewe unawezaje kulala kwenye nyumba ile?"

Watoto wote waliacha kazi kusikiliza. Nikasema, "Mimi silali pale. Nalala kwa bibi. Mama ananuka."

Wakacheka, na safari hii walicheka pamoja nami. Siwezi kuwaeleza raha niliyoipata. Wakasogea, wakanipa mfuko mzuri ambao haukuchanika. Jioni Mwalimu Tadei akatupima katekisimu, akaniuliza Amri ya Nne. Nikaitamka waheshimu baba na mama bila kukosea, akaniambia nimefanya vizuri sana, wengine wajifunze kwangu. Naapa sikuona mgongano wowote. Hata kwenye maungamo ya kwanza, kesho yake, niliungama sukari niliyoiba na jirani niliyemtukana, nikatoka nje mwepesi kama pamba.

Nilidhani mama hatakwenda kuomba radhi. Lakini Jumamosi alioga mara mbili, akajipaka mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko, akanishika mkono. Kwenye sebule ya zulia jumuiya ilikuwa imekwisha kukaa, mishumaa mitatu imewaka. Mama aliacha ndala mlangoni, akapiga magoti pembeni mwa zulia, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba amekosa, amemvunjia mwenyekiti heshima, anaomba radhi, na kwamba mapanki atayahamishia nyuma ya nyumba.

Ingetosha. Lakini mtu aliyesubiri wiki tatu haridhiki haraka. Mama Gaudensia aliwatazama wenzake, wale wale waliocheka siku ile.

"Nashukuru umekiri, Mama Koleta. Maana hata mtoto wako amekiri. Alisema hapa hapa uani kwamba unanuka, na kwamba yeye halali nyumba ile, analala kwa bibi yake."

Mama aligeuka akanitazama. Bibi alikuwa Sengerema, ng'ambo ya maji. Neno moja tu lingenivua nguo mbele ya wote, nami nilijua analo mdomoni. Nilitazama maua ya zulia.

"Mtoto kasema kweli," mama akasema. "Nanuka. Basi mwandikieni barua yeye asiyenuka."

Hakuna aliyecheka. Barua iliandikwa pale pale mezani, ikagongwa muhuri. Njiani kurudi nilisubiri kipigo, na sikupigwa. Alipofika nyumbani mama alibeba mapanki kutoka kwenye bamba akayapeleka nyuma, ndoo baada ya ndoo, nami nikajaribu gauni langu jeupe. Ndivyo mtoto alivyo. Nilidhani mama ameshindwa, na nilimwonea aibu kidogo kwa kushindwa.

Krismasi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Pango lilimetameta kwa taa ndogo za umeme zilizoletwa na Mama Gaudensia, kitu kigeni kabisa wakati ule, na watu walitazama taa kuliko Mtoto. Sisi wa Komunyo ya Kwanza tulitangulia. Baada yetu walifuata wazazi, kisha waumini wengine. Mama hakuinuka. Mtu asiyewahi kukosa Komunyo hata Jumapili moja alikaa kwenye benchi lake siku ya Krismasi, siku ya mwanawe. Niliona, nikafurahi. Nilidhani anaona haya kwa harufu yake, nikashukuru kwamba hatasimama karibu na gauni langu.

Hakupokea Krismasi ile, wala Pasaka, wala Krismasi iliyofuata. Kila Jumapili alikuja, akaimba, na wakati wa Komunyo akakaa. Akarudi mezani pa Bwana Pasaka ya mwaka wa pili. Sikuuliza. Nilikuja kuuliza nikiwa mtu mzima, mwalimu wa dini kama alivyokuwa Mwalimu Tadei, baada ya kuwafundisha watoto somo la kujiweka tayari kupokea Komunyo. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alinijibu bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa nimesema uongo mbele ya mishumaa. Nilisema nimekosa, na moyoni sikuona kosa. Nilimchukia yule mama mpaka nilikuwa namwota. Ningekwendaje mezani pa Bwana na kitu hicho? Nilisubiri mpaka kilipoondoka. Kilichukua muda."

Nikamwambia kwamba angeweza kukataa kuomba ile radhi. Akasema ndiyo, angeweza, ila siku zile mmoja wetu tu ndiye angekula, na mtoto ndiye aliyekuwa na njaa zaidi. Nikamwomba radhi kwa yale niliyoyasema uani. Aliniambia nisimame vizuri, namzibia mwanga.

Namshukuru Mungu kwamba alinipa muda wa kuyasikia maneno yale nikiwa na akili ya kuyaelewa. Mama Gaudensia na mama yangu hawakuwa marafiki kamwe. Walisalimiana, wakazikiana ndugu, basi. Katika mafundisho yangu sijawahi kulisimulia jambo hili, kwa sababu kila nikianza naona kile nilichokiona siku ile na nisikione. Narudi kutoka altareni, mikono imefumbatwa kifuani, kinywa kimefungwa kama tulivyofundishwa, Mwili wa Bwana bado uko ulimini. Mama amekaa mwisho wa benchi. Watu wanakwenda mbele, Mama Gaudensia akiwa miongoni mwao, na mama anavuta magoti yake pembeni ili wapate kupita.