Mgonjwa Wangu Aliyemaliza Vitumbua

Afadhali nijicheke mwenyewe kwanza, maana nikiwaachia nyinyi muanze hamtakoma. Mzee mzima na mvi zangu, kofia yangu ya viua kichwani, nimesimama kwenye dirisha la ofisi ya shule hapa Tottenham, nyuma yangu foleni ya kina mama na vigari vya watoto, nikakiri kwa sauti kubwa (karani alikuwa hanisikii vizuri kupitia kioo) kwamba mjukuu wangu hakutapika. Lawama zote ni zangu. Mtoto kosa lake moja tu, kuujua udhaifu wangu.

Ninaishi na binti yangu Rehema, ambaye ni muuguzi, na mumewe, dereva wa lori la mizigo (wiki ile alikuwa huko Scotland), na binti yao Salma. Bethdei ya Salma ya kutimiza miaka minane ilikuwa Alhamisi, na jioni ya kuamkia siku hiyo akamwambia mama yake kwamba kuna rafiki yake ambaye siku ya kuzaliwa haendi shule, anabaki nyumbani kula keki.

Rehema hakuinua hata macho kwenye nguo alizokuwa akipiga pasi. "Rafiki yako ana mama yake na wewe una wako. Kesho shule. Keki jioni." Kisha akanigeukia mimi, ambaye sikuwa nimesema neno. "Na wewe baba, usije ukanigeuka."

"Mimi tena?" nikasema. Na wallahi wakati huo nilikuwa mkweli.

Asubuhi Rehema akawahi zamu yake hospitali, akaniachia kazi yangu ya kila siku, kumwandaa Salma na kumfikisha shule. Nikamkuta amekaa kitandani, soksi mguu mmoja, mwingine mtupu. Sasa lazima mjue kwamba huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, ukimsengenya anakusikia, ila majibu yake yote ni Kiingereza. Nikimwuliza ameshiba, jibu Kiingereza. Nikimwuliza anataka kwenda chooni, Kiingereza. Asubuhi ile akanitazama akasema kwa Kiswahili safi, "Babu, naomba. Leo tu."

Nikaisha.

Nikaanza kujitafutia sababu, na mtu anayetafuta sababu hakosi. Mimi mwenyewe siijui siku yangu ya kuzaliwa, mama alisema tu ilikuwa masika na paa lilikuwa linavuja. Siku moja haimfanyi mtu mjinga. Rehema atarudi saa kumi na mbili, naye nitamweleza taratibu, pengine baada ya keki, pengine baada ya mwaka. Basi nikachukua simu nikapiga shule, ile namba ya kutoa taarifa za watoto wasiokuja, ikapokea mashine ikataka nieleze mtoto ana nini. Nikachagua tumbo. Kwetu tumbo ndio udhuru usiokaguliwa. Ukisema kichwa watakushika paji la uso, ukisema mguu watakuambia hebu ruka, lakini tumbo nani atalifungua alichungulie? Ningeishia hapo ningekuwa salama, lakini mashine haikunikatiza, nikanogewa, nikasema ametapika, anaendesha, hata maji hayakai tumboni, tunamwachia Mungu.

Kisha nikaenda jikoni nikampikia vitumbua.

Nisiwadanganye, asubuhi ile ilikuwa tamu. Salma akavaa gauni lake la njano la sherehe, akala vitumbua mpaka sahani ikabaki na mafuta matupu, akanifundisha mchezo wa karata ambao sheria zake hubadilika kila akikaribia kushindwa. Tukarudia na maneno yake ya kesho. Maana kesho, Ijumaa, darasa lake lilikuwa linaongoza kusanyiko la asubuhi, wazazi wamealikwa, kila mtoto atasalimia kwa lugha ya kwao, na Salma ndiye wa kufungua. Wiki nzima nimemfundisha: "Shikamooni nyote. Karibuni sana." Mtoto asiyejibu Kiswahili hata chumbani, kukubali kukisema mbele ya watu! Nilishapeleka suti yangu kwa dobi.

Mchana akaingia jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Njeri, Mkenya, anatunza wazee majumbani na siku hiyo alikuwa mapumziko. Akamtazama Salma juu mpaka chini.

"Ala! Mzee, mtoto ana bethdei na bado ni mkavu?"

"Mkavu vipi?"

"Hajamwagiwa maji! Hapana, hiyo haiwezekani. Hata kama tuko Ulaya."

Akasema kweli. Kwetu mwenye bethdei humwagiwa maji asipotarajia, ndiyo furaha yenyewe. Tukapanga kwa kunong'ona kwamba Mama Njeri amwite Salma kwake, kisha amrudishe na kikombe cha sukari, nami nitangoja mlangoni na beseni. (Mlango wetu una tundu la kuchungulia. Nalitaja sasa kwa sababu wakati ule sikulikumbuka.) Nikajaza beseni, nikakaa nalo nyuma ya mlango kama mtoto mtukutu, nacheka peke yangu. Hodi ikagongwa. Nikafungua kwa mkono mmoja, nikainua, nikapiga kelele, "Hongera mwanangu!" na maji yote nikayarusha.

Hakuwa Salma.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, mrefu, amevaa koti la sufu na beji ya shule shingoni. Maji yakawa yanamtiririka kwenye pua. Mkononi alishika kadi kubwa iliyochorwa na watoto, na rangi zilikuwa zinashuka taratibu zikichanganyika, nyekundu kwenye kijani, kijani kwenye njano. Huyo ndiye Miss Claudette, anayefuatilia mahudhurio ya watoto. Kengele ya chini ya jengo letu ni mbovu siku zote, kwa hiyo alikuwa amepanda moja kwa moja.

Hakupiga kelele. Akasema kwa Kiingereza chake cha kina mama wa Jamaika, pole pole, "Nimetoka saluni jana."

Nami badala ya kusema samahani nikasema, "Mtoto amelala, hali yake si nzuri."

Hapo hapo mlango wa Mama Njeri ukafunguka, akatoka mgonjwa wangu na gauni la njano, anarukaruka, kikombe cha sukari mkononi. Akatuona. Akasimama.

"Babu," akasema, "umemmwagia Miss Claudette!"

"Kumbe amepona," nikasema. Wallahi nilisema hivyo. Mama Njeri akarudi ndani kwake akafunga mlango, na nyuma ya mlango nikamsikia anavyocheka.

Tukamkaribisha yule mama ndani. Nikamletea taulo, nikamletea dera la Rehema abadilishe (nguo ya kike nyingine ya ukubwa wake haikuwepo), koti lake nikalitandaza juu ya hita, nikampikia chai ya tangawizi. Akakaa kwenye kochi na dera la maua, taulo kichwani kama kilemba, akaeleza kilichomleta. Watoto walisikitika, ndio wakatengeneza kadi. Na tena amekuja kutuambia tusihangaike na kesho, kwa sababu mtoto aliyetapika na kuendesha haruhusiwi kurudi mpaka zipite siku mbili kamili. Maneno ya kufungua kusanyiko amepewa mwenzake, atayasoma kwenye karatasi.

Nikamtazama Salma. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Akaingia chumbani, akatoka amevaa sare ya shule, soksi zote mbili, akakaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, mchana ule, siku yake ya kuzaliwa.

"Niko tayari kwenda shule," akasema.

Ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Nikamwambia Miss Claudette kila kitu, mashine, tumbo, maji yasiyokaa tumboni. Akanisikiliza akinywa chai. Kisha akamgeukia Salma, "Hayo maneno yako ndiyo yapi?" Salma akasimama, akasema taratibu, "Shikamoo, Miss Claudette." Nikamweleza mgeni kwamba hiyo ni heshima ya mdogo kwa mkubwa, na mkubwa asipojibu marahaba, heshima inabaki hewani haina pa kutua. Akajaribu, "Ma-ra-ha-ba." Salma akacheka kidogo.

"Uamuzi si wangu," akasema Miss Claudette. "Njoo kesho mapema, uyaseme haya haya ofisini mbele ya mwalimu mkuu. Wewe mwenyewe, si mama yake."

Kabla sijajibu, ufunguo ukalia mlangoni. Rehema! Kumbe alibadilishana zamu na mwenzake ili amfanyie mwanawe mshangao, akamngoje kwenye geti la shule, na huko akaambiwa mwanao anatapika na kuendesha tangu asubuhi. Akaingia na sare ya hospitali, anahema, akateleza kwenye maji yangu, akashika ukuta, akamwona mwanawe mzima wa afya kwenye sare, na kwenye kochi mtu wa shule ndani ya dera lake.

"Baba," akasema, na sauti ilikuwa ya chini, hiyo ndiyo mbaya. "Mimi ulinipeleka shule na homa."

"Nilikosea wakati ule," nikasema, "na nimekosea leo kwa upande wa pili."

Miss Claudette ndiye aliyeanza kucheka. Rehema akajizuia, akajizuia, kisha akaenda kucheka jikoni ili nisimwone.

Kesho yake ndiyo ile foleni niliyowaambia. Karani akasema hanisikii, rudia, nikarudia, mama mmoja nyuma yangu akajifanya anakohoa. Mwalimu mkuu akaniita pembeni, akaniambia siku ile itaandikwa kuwa mtoto hakuwa na ruhusa, na kwamba wakati mwingine wao wangependa ukweli kuliko habari za tumbo. Nikasema ndiyo, mwalimu, nikainamisha kichwa kama wa darasa la kwanza. Kisha akamwambia Salma, "Nenda ukawahi mstari wa wenzako."

Nikaketi ukumbini na suti yangu. Rehema alishaniamuru nisifungue mdomo. Salma akasimama mbele, mdogo kuliko nilivyomzoea, akavuta pumzi. "Shikamooni nyote!"

Ukumbi kimya. Hakuna aliyejua la kujibu, na mimi nimeamriwa. Nikamwona Salma anatafuta kwa macho mahali heshima yake itue. Ndipo kutoka ukutani, karibu na piano, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa kichwani akaitika kwa sauti ya kanisani, "Ma-ra-ha-ba!" Nami nikavunja amri, nikaitika, Rehema akaitika, na watoto wa watu, wasiojua ni nini, wakaitika wote mpaka madirisha yakalia.

Siku hizi nikiulizwa kama mtoto apumzishwe shule siku yake ya kuzaliwa, najibu kwamba bethdei ni mgeni kama wageni wengine, ingoje watoto watoke shule. Maji nitaendelea kumwaga, hilo siachi, ila nachungulia kwanza kwenye tundu. Na ile kadi tumeibandika kwenye friji, imekauka, rangi zimeingiliana zote, huwezi kusoma hata jina moja. Salma anasema ni nzuri zaidi hivyo. Analisema kwa Kiingereza, lakini nimeshazoea.