Kizibo Kisichovuja

Enzi zetu mtoto hakuambiwa anahamia wapi, aliambiwa avae viatu. Ndivyo nilivyoondoka Tabora nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa mtu wa reli, na reli ilikuwa imemhamisha mara nyingi mno, hata mama akaamua kwamba angalau mtoto mmoja wa nyumba ile atulie mahali pamoja asome. Mahali penyewe palikuwa kwa mama yake mzazi, milimani Usambara. Nilipanda treni na mjomba hadi Morogoro, tukalala kituoni tumeegemea magunia ya watu, kesho yake tukapanda basi hadi Mombo, na pale Mombo, kwenye joto la kukaanga karanga, tukasubiri gari la kupanda mlima.

Gari lilipoanza kuzunguka kona, nikaona kitu cheupe kinaingia dirishani. Nikamuuliza mjomba moto unawaka wapi. Akasema, "Huo si moshi, ni wingu. Funga mdomo lisije likaingia tumboni." Nilifunga mdomo mpaka Soni. Mjomba aliwasimulia watu kisa hicho hadi alipozeeka, na kila akisimulia alikuwa anasogeza mbele mahali nilipoufungua. Mara ya mwisho nilimsikia akisema nilifika nao umefungwa hadi Lushoto mjini.

Nguo zangu zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Wenzangu wa rika langu, ninyi mtanielewa. Mfuko ule ulikuwa mweupe, mzito, wa kung'aa, una picha ya ndege inayopaa. Abiria mmoja aliusahau kwenye behewa, baba akauleta nyumbani kama mtu aliyeokota sahani ya fedha. Siku hizo nailoni nzuri haikutupwa. Ilifuliwa kwa sabuni, ikaanikwa kwenye kamba pamoja na mashati, ikakunjwa na kulazwa chini ya godoro. Jirani akisafiri alikuja kuiazima, na akichelewa kuirudisha watu walinuniana.

Kijiji cha bibi kilikuwa juu ya barabara ya kwenda Kifungilo, na kijiji kizima mfuko wa namna ile ulikuwa wangu peke yangu. Bibi yangu, Bi Zaina, aliupokea kwa ncha za vidole, akauangalia ule mchoro wa ndege, akauliza, "Hiki kimefumwa na nani?" Nikamwambia kimetengenezwa kiwandani. Akasema, "Ndiyo maana hakina harufu ya mtu," akautundika kwenye msumari.

Huko vitu vilibebwa kwa vitu vilivyoota. Kabichi na karoti zilishuka sokoni kwenye matenga. Siagi ilifungwa kwa jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika. Sukari ya dukani ulipewa kwenye kipande cha gazeti kilichoviringishwa, na ukifika nyumbani mwalimu mstaafu wa jirani alikuja kusoma habari kabla sukari haijamiminwa. Ila nyama ndiyo iliyotuadhiri. Mwenye bucha aliitunga kwenye kamba ya mgomba, ukaibeba inaning'inia njia nzima, na kila mtu mzima uliyekutana naye ilibidi usimame, uinamishe kichwa, useme shikamoo huku nyama inabembea. Yeye akaitikia marahaba akiwa anaiangalia nyama, si wewe. Ukinunua nusu kilo, ulifika nyumbani ukakuta wageni wamekutangulia. Mtoto wa leo anaagiza chakula kwa simu, kinaletwa kimefungwa kama barua ya siri, anakila chumbani amejifungia mlango. Sisi tusingeweza. Pilau yetu ilijulikana mtaa wa tatu tangu ikiwa bado inapiga kwato.

Rafiki yangu wa kwanza alikuwa Athumani, wa nyumba ya pili. Siku ya kwanza aliniita Mnyamwezi, siku ya pili akaniita Mtu wa Treni, siku ya tatu nilipomshinda kuserereka na gogo la mgomba kutoka kilimani hadi kwenye majani ya ng'ombe, akaniita mgosi, yaani mwanaume, na hapo nikajua nimefika nyumbani. Tuliserereka mpaka kaptula zikatoboka makalio. Tulikwenda shule kwenye ukungu, kila mmoja na jembe begani na kuni mkononi, pua zinatiririka, na mwalimu wa zamu alikagua kucha kabla ya kukagua akili. Jioni kulikuwa na makande. Asubuhi kulikuwa na yale makande ya jioni.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo lililochimbwa ubavuni mwa mlima. Mfereji ulileta maji kutoka msituni, yakajaa humo usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu alikuja kuyafungulia yashuke shambani kwake. Chini ya ukuta kulikuwa na tundu lililowekwa gogo lililotobolewa katikati, na tundu hilo lilizibwa kila jioni kwa kipande cha mgomba kilichofungwa nyasi na kusiribwa tope. Msimamizi wa zamu alikuwa Mzee Hoza, mzee mrefu wa maneno machache, na neno lake kuhusu maji halikuwa na rufaa.

Sasa, kizibo kile kilikuwa kinavuja. Usiku kucha, kitiriri kitiriri, maji yalitoka. Mimi mtoto wa reli niliyezoea tangi la chuma la stesheni nilikiona kile kizibo, nikawahurumia Wasambaa. Nilimuuliza bibi kwa nini hawakirekebishi. Alikuwa anapalilia, hakuinua kichwa. "Kizibo kisichovuja ni choyo," akasema. Nikaona ni yale maneno ya wazee yanayosemwa wakati hawajui jibu.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Kabichi za bibi zilianza kulegea masikio, na jioni moja nilimsikia akimwambia mama yake Athumani kwamba maji ya zamu ya kesho hayatafika mistari ya mwisho. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja mgonjwa. Nikamfuata Athumani.

"Nina dawa ya bibi yangu," nikamwambia.

"Dawa gani?"

"Tunaziba ndiva isivuje hata tone. Kesho maji yatakuwa mara mbili."

"Mzee Hoza akijua?"

"Akijua atatushukuru."

Athumani alifikiri kidogo. "Mgosi, Mzee Hoza hajawahi kumshukuru mtu. Lakini twende."

Tukachukua mfuko wangu kwenye msumari, tukaujaza udongo, tukaufunga mdomo kwa kamba, tukang'oa kizibo cha mgomba na kuusukumiza mfuko tunduni, mimi nikisukuma na Athumani akinisukuma mimi. Ukakaa. Tukaweka sikio. Kimya. Hakuna tone. Nilirudi nyumbani nikiwa injinia.

Asubuhi bibi akatangulia na jembe lake, mimi nyuma nikingoja sifa. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka kwenye mdomo wa ukuta, inatetemeka kama uji uliotaka kumwagika. Bibi akasema, "Alhamdulillahi," akachomeka mti tunduni asukume kizibo kama walivyofanya siku zote. Mgomba ungekatika vipande ukatoka na maji. Nailoni haikatiki. Ilisogea hatua moja, ikajivuta ndani ya gogo, ikajipachika katikati kama mfupa wa samaki kooni. Bibi akachokoa. Athumani, aliyekuwa ametufuata, akachokoa. Mfereji ukaendelea kuleta maji, kwa maana mfereji hauna macho, na ndiva ikafurika upande wa kulia. Upande wa kulia, chini kidogo, palikuwa na kitalu cha miche ya kabichi cha Mzee Hoza mwenyewe.

Nimezunguka mikoa mingi tangu siku ile. Nimeona tembo anavuka lami, nimeona harusi ya bwana mwenye umri wa babu. Sijaona kitu kama Mzee Hoza anavyokimbiza miche ya kabichi kushuka mlima, kanzu ameikunja mkononi, anaokota mmoja inapita mitatu, huku anaiita, "Simama! Simama!" kana kwamba miche inasikia. Baadhi ilifika barabarani. Mbuzi wa watu waliikuta huko na hawakuuliza ni ya nani.

Wanaume walikuja na miti yenye ndoano, wakavua tundu lile mpaka kitu kikatoka. Mzee Hoza akakiinua juu, maji yanachuruzika, tope limetelemka, na picha ikaonekana safi kabisa. Alikuwa na miche miwili imenata kwenye ndevu.

"Huyu ndege," akasema polepole, "ni wa nani?"

Athumani akaangalia juu angani, kama anayetafuta ndege mwingine. Nilijua sheria. Anayeharibu maji, nyumba yake inakosa zamu mpaka mvua za vuli. Kabichi za bibi zisingefika hata wiki ya pili.

"Ni wangu," bibi akasema.

"Bi Zaina," akasema Mzee Hoza, "wewe umepanda ndege lini?"

Watu wakacheka, bibi hakucheka. "Umetoka nyumbani kwangu, kwa hiyo ni wangu. Sema hukumu."

"Hukumu unaijua."

"Naijua."

Akainama kuchukua jembe lake arudi nyumbani. Hakulia, hakubishana, hakuniangalia. Lile la kutoniangalia ndilo lililonishinda. Nikasikia sauti inasema, "Shikamoo Mzee Hoza, ni mimi," na sauti ilikuwa yangu.

"Marahaba. Kwa nini?"

"Kile kizibo kilikuwa kinavuja."

Yule mzee akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Kinavuja," akasema. "Wewe umekaa hapa miezi mingapi, hujawahi kushuka na yale maji uone yanakwenda wapi? Huko chini kuna wenye mashamba ya mwisho. Zamu yao ikifika, ndiva inakuwa imechoka. Yale yanayovuja usiku ndiyo wanayonyweshea mboga. Jana hawakupata hata tone. Kizibo kinavuja kwa sababu huko chini nako kuna watu, kijana."

Akasimama, akatoa hukumu mpya. Zamu ya Bi Zaina ibaki. Mimi nioteshe upya kitalu chote kwa mikono yangu. Nizibe ndiva kila jioni hadi vuli, kwa mgomba, na kizibo changu kivuje. "Nikikuta hakivuji, nakuziba wewe." Tena bibi atoe jogoo, wazee wamle papo hapo. Na tangu leo, nailoni isikanyage kwenye ndiva wala shambani kwa mtu.

Jogoo yule alikuwa rafiki yangu, jina lake Dereva. Nililibeba sufuria mwenyewe.

Kwa hiyo serikali ilipokuja kupiga marufuku mifuko ya nailoni nchi nzima, mimi nilikuwa stendi moja mbali sana na kwetu, watu wanalalamika, nikaangua kicheko peke yangu. Kijiji chetu kilitangulia kwa miaka mingi, na mkosaji wa kwanza ndiye huyu anayewaandikia. Bado nawasikia vijana wakiuliza kama kweli miji ilihitaji katazo lile. Wananung'unika wakiambiwa wanunue mfuko wa kitambaa, wanatoka dukani wamekumbatia mkate, nyanya na sabuni kama waliobebeshwa watoto mapacha. Kikapu wanasema cha bibi. Ndiyo, cha bibi! Na bado ukizunguka masokoni utakuta vile vimifuko vyembamba vya kuonyesha ndani vimerudi kinyemela, muuza dagaa anakupa huku anaangalia pembeni. Mvua ikinyesha mjini, mitaro inafurika, maji yanaingia sebuleni yanaelea na kandambili, watu wanailaumu mvua. Mimi nachungulia mtaroni, naona kitu cheupe kimejipachika kooni, na swali ni lile lile: huyu ndege ni wa nani? Enzi zetu aliulizwa mmoja kwa sababu mfuko ulikuwa mmoja. Leo mifuko ni ya wote, kwa hiyo hakuna anayesema ni mimi.

Niliondoka kwa bibi nilipomaliza kidato cha nne. Damu ya reli ilikuwa imeanza kuniwasha nyayo. Mzee Hoza alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na Athumani ndiye aliyekuwa anashika zamu za maji, na ukali wake, nisiwafiche, ulimzidi marehemu. Asubuhi ile bibi alinisindikiza hadi barabarani kwenye ukungu. Begi langu lilikuwa begani. Gari liliposikika linashuka kona ya juu, akaingiza mkono ndani ya kanga, akatoa kitu kilichokunjwa vizuri, kimefuliwa, ndani kina mapeasi manne.

Nikaona picha ya ndege.

"Bibi, hukuutupa?"

"Niutupe wapi?" akasema. "Nimeuzika mara mbili, mvua ikaufukua. Nimeutia motoni, nyumba ikanuka nikauchomoa. Nimeuacha kichakani, mbwa akauleta mlangoni anatikisa mkia. Huu hauna mahali pa kwenda, mjukuu wangu. Ulikuja nao, nenda nao."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Nikamwinamia, nikamwambia shikamoo ya kuagana, akaniitikia marahaba akaniwekea kiganja kichwani. Sikurudi kuishi tena. Mapeasi niliyamaliza kabla ya Mombo. Bibi amelala chini ya majani, ukuta wa ndiva nasikia umebomoka, na Athumani ana wajukuu. Mfuko ninao. Wenye sheria wasiniulize nimeuficha wapi. Nimeutoa leo kuuangalia: ndege imefifia kidogo, ila mishikio bado mizima, na ukiujaza maji hauvuji hata tone.