Walinzi Wawili wa Kompyuta Yangu

Mie natengeneza kadi za harusi nyumbani, Mbagala, na kwa kuwa ndiye pekee kwetu ninayeshinda kwenye kompyuta, nilijipa cheo cha mtaalamu. Mume wangu simu ikimzingua huniletea. Naizima, naiwasha, namrudishia huku nimekunja uso kama daktari bingwa.

Kisha kompyuta yangu yenyewe ikaanza kuwa nzito, na kurasa za matangazo zikawa zinajifungua bila kuguswa. Nikafungua programu ya kuzuia virusi. Ukaguzi wa kawaida haukuona kitu. Nikajaribu ule wa kusaka virusi vilivyojificha, ambao sikuwahi kuutumia kabla, ukagoma. Kila nikibonyeza, jibu ni lilelile: umeshindwa kuanza.

Ushahidi sikuwa nao, lakini mshukiwa nilimpata haraka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunaishi naye. Anashona madera, na alikuwa akichomeka flashi yake kwenye kompyuta yangu ili aangalie mitindo anayopewa na mashoga zake. Nikampiga marufuku. Tena nikamwambia mbele ya kaka yake kwamba flashi ya kuzungushwa mitaani ni sawa na mswaki wa kuazimana. Wifi akaitia flashi kwenye pochi, akarudi kwenye ushonaji wake.

Marufuku haikusaidia, ukaguzi ukaendelea kugoma. Mwishowe nikapiga simu kwa waliouza ile programu. Akapokea dada mmoja mpole. Nikammwagia maneno yote ya kitaalamu niliyokuwa nayo, yakaisha mapema.

"Dada," akaniuliza, "kwenye hiyo kompyuta kuna programu ngapi za kuzuia virusi?"

"Mbili," nikajibu kwa fahari. "Nilijiongezea usalama."

Nadhani alijiziba mdomo kwanza asicheke. Kisha akanieleza taratibu kwamba programu mbili za namna hiyo huoneana wivu, hii ikitaka kukagua, ile inaizuia. Niondoe moja, halafu niizime kompyuta na kuiwasha. Akataka kujua mara ya mwisho niliizima lini. Sikukumbuka. Mie nilikuwaga naifunika tu, kama sufuria ya wali. Bingwa wa kuzima na kuwasha simu za watu.

Nikafanya alivyosema, na safari hii ukaguzi ukaenda hadi mwisho. Kirusi kikaonekana, kimejichimbia ndani ya programu ya maandishi ya mapambo niliyoipakua mwenyewe, ya bure, kwa ajili ya bibi harusi aliyetaka herufi zenye maua. Nikataka kuufunga ukurasa, lakini wifi alikuwa nyuma yangu, dera la mteja mkononi, ameshasoma.

"Sasa wifi," akasema kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "hayo maua yameletwa na flashi yangu?"

Nikamwomba radhi mbele ya kaka yake, kwa kuwa mbele yake ndiko nilikomshtaki. Mume wangu alicheka hadi chai ikampalia.

Kirusi nilikiondoa, kompyuta ikawa nyepesi. Siku hizi wifi huchomeka flashi yake bila kuniomba ruhusa. Simu yake ikiganda, anampelekea kaka yake, ambaye hajui lolote kuhusu simu.